Shajara ya mradi: ndimi za kupachika za viti 6 vya mninga

Vipimo kabla ya mashine

Kazi ni viti 6 vya kulia chakula, mninga mtupu. Miguu ni mm 42 kwa 42, imetoka kwenye mbao za 2 kwa 2 baada ya kupigwa randa. Mbao nne zinazobeba kalio ni mm 22 kwa 70, na vibao vya mgongoni na vya chini ni mm 18 kwa 35. Viungo vyote ni vya ulimi wa kupachika: ulimi hauchongwi kwenye kichwa cha ubao, bali pande zote mbili zinatobolewa tundu, kisha kipande cha tatu kinaingia nusu huku na nusu kule.

Kwa kiti, njia hii ina faida kubwa. Kiti ni kipana mbele kuliko nyuma, hivyo mbao za ubavuni hukutana na miguu kwa pembe. Hapa pembe hiyo ni nyuzi 5. Ukichonga ulimi kwenye ubao wenyewe, mabega yake yote (nyuso za ubao kando ya ulimi zinazogota mguu) yanakaa mshazari na kila moja linataka kupimwa na kuparwa peke yake. Kwa ulimi wa kupachika, unakata kichwa cha ubao kwa nyuzi 85, unatoboa tundu lililo wima kwa uso huo uliokatwa, na kazi ya pembe imeisha. Tena kila ubao unapungua mm 60 hivi za urefu ambazo zingekuwa ndimi, na kwa bei ya mninga hilo si dogo.

Ndimi za dukani zipo. Zinazojulikana zaidi ni Domino za Festool, kampuni ya Ujerumani: za ndani ni mbao ya biichi, za nje ni mbao ya sipo. Mashine yao ndogo inaishia ulimi wa mm 10 kwa 50, ile kubwa inafika mm 14 kwa 140. Ni bidhaa nzuri, lakini ulimi wao wa unene wa mm 8 una upana wa takriban mm 22, na sisi tunataka kujaza ubao wa mm 70 kwa ulimi mmoja mpana. Sababu ya pili ni nzito zaidi: ulimi wa dukani unakulazimisha tundu lako lifuate kipimo chake, na hilo linawezekana tu ukiwa na mashine yao. Mwenye ruta (mashine ya mkono ya kuchimba mifereji kwenye mbao) na biti za kawaida afanye kinyume chake: tundu kwanza, ulimi baadaye, na ulimi upunguzwe mpaka ulingane na tundu lililopo.

Mahitaji: kila kiti kina ndimi 8 kubwa za kalio na 8 ndogo za mgongoni na chini. Jumla 48 kubwa na 48 ndogo.

Ulimi mkubwa una unene wa mm 8, upana mm 48, urefu mm 61. Ulimi mdogo una unene wa mm 6, upana mm 22, urefu mm 40. Unene umefuata kanuni ya theluthi: theluthi ya mm 22 ni 7.3, na biti iliyo karibu ni ya mm 8. Theluthi ya 18 ni 6 kamili.

Matundu

Biti ni ya msokoto, ile inayovuta takataka juu, mm 8, makali ya urefu wa mm 32. Kabla ya kununua, angalia shina la biti na koleti ya ruta (kibanio kinachoshika shina hilo). Madukani zimechanganyika biti za shina la robo inchi (mm 6.35), mm 6, mm 8 na nusu inchi (mm 12.7). Biti ya shina la mm 6 ikiwekwa kwenye koleti ya robo inchi inaonekana kama imekaza, lakini ikianza kula mbao ngumu inateremka yenyewe, na tundu linazidi kina bila wewe kujua. Angalia pia kipimo cha makali: biti ya 5/16 ya inchi ni mm 7.94, na wauzaji wengi huiita ya 8. Kwa njia hii yetu zote mbili zinafaa, ilimradi matundu yote ya mradi yatobolewe kwa biti ileile.

Kiolezo ni plaiwudi ya mm 12 yenye mfereji ambamo pete ya kuongozea ya ruta inatembea. Pete yetu ina kipenyo cha nje mm 17. Hesabu ni hii: urefu wa tundu, jumlisha kipenyo cha pete, toa kipenyo cha biti. 50 + 17 − 8 = mm 59. Upana wa mfereji ni mm 17, pete ipite bila kucheza. Pete isitokeze zaidi ya unene wa plaiwudi, la sivyo inagota mbao na ruta inainuka upande mmoja.

Chini ya kiolezo kuna ubao uliogongomewa kama bega, na bega hilo linabana uso wa nje wa mguu au wa ubao. Kila kipande kimewekwa mshale wa penseli kwenye uso wa nje kabla ya kuanza, na mshale siku zote unatazama bega. Hapa ndipo viungo vingi vinapoharibika. Tundu likiwa nje ya katikati kwa mm 0.3 na vipande vyote viwili vimepimwa kutoka uso uleule, kosa linajifuta. Kimoja kikigeuzwa, kosa linakuwa mara mbili, na unapata kidaraja cha mm 0.6 ambacho hakiondoki mpaka upige randa kiti kizima.

Uso wa ubao umerudi ndani mm 3 kutoka uso wa mguu. Hivyo kwa ubao, bega lina kipande cha plaiwudi cha mm 3 kinachobanduliwa wakati wa kutoboa mguu. Kipande hicho kimepakwa rangi nyekundu ili kisisahaulike.

Kina ni mm 32 kwenye mguu na mm 31 kwenye ubao. Kwanza tunapunguza mbao kwa keekee na biti ya mm 7, matundu manane yaliyopangana, kisha ruta inasafisha kwa kushuka mm 3 kila mpito. Ukishusha mm 8 kwa mkupuo, biti inapata moto, kuta zinaungua na kuwa nyeusi, na gundi haishiki vizuri kwenye mbao iliyoungua. Umeme ukikatika biti ikiwa ndani ya tundu, zima swichi ya ruta kwanza kabla ya kuigusa, maana utarudi wakati wowote.

Kwenye ubao wa ubavuni, tundu halifuati nyuzi za mbao sawasawa kwa sababu kichwa kimekatwa kwa pembe. Kwa kina cha mm 31 na nyuzi 5, tundu linapotoka njia kwa mm 2.7. Ukuta wa kawaida ni mm 7, hivyo upande mmoja mwishoni unabaki mm 4.3. Unatosha, lakini ndio utakaopasuka kwanza gundi ikizidi. Pembe ya nyuzi 10 isingewezekana kwa kina hiki: ukuta ungebaki mm 1.5 tu. Hapo ingebidi kupunguza kina cha tundu au kuongeza unene wa ubao.

Vumbi la mninga linawasha pua na macho, na la mvule ni kali zaidi. Barakoa ivaliwe tangu tundu la kwanza.

Kuchagua mabaki

Ndimi zinatoka kwenye mabaki ya mradi wenyewe, mninga kwa mninga. Mti huu unasifika kwa kutulia, haujikunji wala kuvimba sana, na ulimi wa mti uleule unakwenda sambamba na ukuta wa tundu hewa inapobadilika. Mkongo nao ungefaa. Paini hapana: inabonyea, na ulimi uliobonyea unaanza kucheza mtu akiegemea mgongo. Mkaratusi ni mgumu lakini unapinda na kupasuka ukikauka. Msaji unafaa kwa vitu vya nje, ila una mafuta. Uso wake upigwe randa upya au upanguswe kwa asetoni muda mfupi kabla ya gundi.

Sharti lisilojadiliwa ni nyuzi. Lazima ziende kwa urefu wa ulimi, kutoka tundu moja hadi jingine, bila kukata kona. Nyuzi zikitoka nje ya uso ndani ya mm 61, ulimi huo utavunjika kwenye mstari wa mabega, pale hasa nguvu inapokutana. Mninga mara nyingi una nyuzi zinazopishana, kwa hiyo tusiangalie uso mmoja tu. Tunapasua kijiti chembamba kwa patasi kwenye kichwa cha baki na kuona mpasuko unaelekea wapi. Mpasuko ukinyooka, baki linaingia. Ukikimbilia pembeni, linawekwa kando kwa kazi nyingine. Mbao nyeupe ya pembeni haitumiki kabisa, wadudu wanaipenda. Vilevile kila kipande chenye jicho.

Unyevu: kipande kidogo kilipimwa kwenye mzani wa jikoni, kikakaushwa kwenye oveni ya takriban nyuzi 103 za Selsiasi mpaka uzito ukaacha kushuka. Gramu 112 zikawa 100. Hesabu ni 12 gawanya kwa 100, yaani asilimia 12. Gawanya kwa uzito mkavu, si ule wa mwanzo. Ulimi uwe mkavu sawa na mbao ya tundu au zaidi kidogo. Ulimi mbichi ndani ya tundu kavu utasinyaa baadaye na kulegea, na hakuna gundi ya kawaida inayozuia hilo.

Kupasua papi

Mabaki ya mbao za inchi 2 yamepasuliwa kwa ubavu kwenye msumeno wa meza, kila papi mm 10. Unene wa ubao, mm 50, ndio unakuwa upana wa ulimi, hakuna cha kutupa. Papi za ndimi ndogo zimetoka kwenye mbao za inchi 1, zimepasuliwa mm 8.

Urefu wa papi ni mita 1. Ndimi kubwa 48 za mm 61, pamoja na njia ya msumeno mm 3 kila mkato, zinahitaji mita 3.07. Mashine ya randa inachimba ncha za kila papi, kwa hiyo mm 70 kila upande hazihesabiwi na papi moja inatoa mm 860. Papi 4 zingetosha, zimepasuliwa 6. Ndimi ndogo zinahitaji mita 2.06, papi 3 zinatosha, zimepasuliwa 4.

Papi zimepumzishwa zikiwa zimepangwa na vijiti katikati hewa ipite pande zote. Mbao nene ikipasuliwa inaachia mkazo wa ndani na papi zingine zinajikunja. Moja ya zile kubwa imepinda kama upinde na imetolewa. Kuinyoosha kwa randa kungeila yote.

Unene

Hii ndiyo roho ya kazi nzima.

Gundi nyeupe ya mbao inashika kwa utando mwembamba. Pengo likiwa kubwa, utando unakuwa mnene, unasinyaa ukikauka, na kiungo kinashikiliwa na plastiki laini badala ya mbao kukumbatia mbao. Pengo likikosekana kabisa, ulimi unafuta gundi yote wakati wa kuingia na kuipeleka chini ya tundu. Tunalenga ulimi uwe mwembamba kuliko tundu kwa mm 0.05 hadi 0.1, jumla ya pande zote mbili.

Mashine ya randa haipiti chini ya mm 6 kwa usalama, na hata kwa mm 8 papi nyembamba inatetemeka na kuchanika. Kwa hiyo papi inalazwa juu ya ubao wa kubebea, emdiefu (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ya mm 18 iliyonyooka, yenye kijiti kilichogundishwa nyuma ili papi isirudi. Kata kidogo, mm 0.5 kila mpito, pande zote mbili kwa zamu. Usiingize kipande kifupi kuliko umbali kati ya roli mbili za mashine. Kinainuka, kinagonga kisu na kurushwa. Ndiyo maana papi zinapigwa randa zikiwa ndefu na ndimi zinakatwa mwisho.

Tumesimama mm 8.2 kwa mashine. Kilichobaki kimeondolewa kwa randa ya mkono yenye kisu kilichonolewa upya, maranda mepesi yanayopitisha mwanga. Kila baada ya mipito miwili, ncha ya papi inajaribiwa kwenye tundu la majaribio lililotobolewa siku ileile kwa biti ileile. Kalipa inasaidia kulinganisha papi na papi, lakini mwamuzi ni tundu.

Kipimo cha mkono ni hiki: ulimi uingie kwa kusukumwa na kidole gumba. Ukigeuza ubao chini juu, usidondoke. Ukivutwa, utoke bila koleo. Unaohitaji nyundo ukiwa mkavu utakwama nusu njia ukiwa na gundi, maana maji ya gundi yanauvimbisha papo hapo. Unaodondoka wenyewe ni wa kutupa. Kuna wanaoufunga kwa kipande cha maranda na gundi, na kwa fremu ya picha inaweza kupita. Kwa kiti haifai.

Msasa hautumiki kwenye nyuso pana. Unaviringa kingo bila wewe kuona, unene wa katikati unabaki mkubwa kuliko wa pembeni, na unaacha vumbi kwenye vinyweleo vya mbao. Uso uliotoka kwenye randa kali ndio bora kwa gundi.

Ndimi ndogo zimepita njia hiyohiyo, kuanzia mm 6.2.

Kingo

Tundu la ruta lina ncha za mviringo, nusu kipenyo mm 4. Wengi hupambana kuviringa kingo za ulimi zifanane kabisa na ncha hizo, na hapo wanapata tabu: biti ya kuviringa ya mm 4 kwenye papi ya mm 8 inakula nusu nzima ya kingo katika mpito wa kwanza, na mpito wa pili beringi ya biti haina pa kuegemea, inazama na kuharibu papi. Tumetumia biti ya mm 3. Inabakiza uso bapa wa mm 2 katikati ya kingo, beringi inatembea vizuri.

Lakini kona ya mm 3 haiingii kwenye ncha ya mm 4 mpaka ulimi upunguzwe mm 1 kila upande. Ndiyo sababu ulimi ni mm 48 kwa tundu la mm 50, na ule mdogo, ulioviringwa kwa mm 2, ni mm 22 kwa tundu la mm 24. Nguvu haipungui. Ncha za tundu la mguuni ni vichwa vya nyuzi na gundi haishiki sana pale. Kinachobeba ni nyuso mbili pana. Na kuna faida mbili za bure. Kiungo kinaweza kusogezwa juu au chini kidogo wakati wa kubana. Tena nafasi hiyo ndiyo njia ya hewa na gundi iliyozidi kutokea, hivyo hatuhitaji ile mifereji iliyochorwa kwenye ndimi za dukani.

Asiye na meza ya ruta apige kona nne kwa randa ndogo mpaka kila moja iwe na mkato wa mm 3, kisha apitishe msasa namba 120 kwenye kona hizo tu.

Urefu na kona za mguuni

Ndimi zimekatwa kwa msumeno wa mkono kwenye sanduku la kukatia lenye kizuizi cha mm 61, ili zote zilingane. Kipande kifupi hivi hakikatwi kwenye msumeno wa meza kati ya fensi na jino. Kinabanwa na kurushwa.

Ndani ya mguu, matundu mawili ya kalio yanakutana. Kila tundu lina kina cha mm 32 na kila ulimi umekatwa nyuzi 45 kwenye ncha ya upande wa mguu: ncha ndefu inaingia mm 31, fupi mm 23. Kati ya ndimi mbili linabaki pengo la mm 1.4. Lisiondolewe. Ndimi zikigusana kabla ya mabega kufunga, utabana klempu mpaka mguu upasuke na bado mstari wa gundi utaonekana. Ncha ndefu ni ile iliyo karibu na uso wa nje wa mguu. Iwekewe alama kabla ya gundi, kwa sababu ulimi ukigeuzwa upande, zitagongana.

Kuvunja sampuli

Kiungo kimoja cha mabaki kiligundishwa, kikaachwa saa 24, kikafungwa kwenye jiriwa na kuvunjwa kwa kuvutwa pembeni. Ukuta wa ubao ulichanika na nyuzi zake zikabaki zimeganda kwenye ulimi. Hilo ndilo jibu linalotakiwa: mbao imeshindwa kabla ya gundi. Ulimi ukichomoka safi na unang'aa, tafuta sababu kabla ya kuendelea. Mara nyingi ni uso wenye mafuta, kuta zilizoungua, gundi iliyoanza kukauka kabla ya kuunganisha, au unene uliopungua mno.

Gundi

Gundi ni ya daraja la D3, inayovumilia unyevu wa mara kwa mara. Kwa viti vya barazani vinavyonyeshewa ni D4 au epoksi. D1, ya mahali pakavu tu, iachwe kabisa Dar es Salaam na pwani yote.

Kwanza ndimi zimegundishwa kwenye mbao peke yake na kuachwa zishike, kila moja ikisukumwa mpaka ibakie mm 31 nje. Kipande cha plaiwudi kilichotobolewa kwa kina hicho ndicho kinachopima. Baada ya hapo ubao una ulimi kama ule wa kuchongwa, na siku ya kuunganisha kiti viungo vya kupaka gundi vimepungua nusu. Kwenye joto la mchana gundi inaanza kuganda ndani ya dakika chache, kwa hiyo kuunganisha kunafanywa asubuhi.

Gundi inapakwa kwenye kuta za tundu kwa kijiti bapa, utando mwembamba, na utando mwingine kwenye ulimi. Haimiminwi ndani ya tundu. Ulimi unaoshuka juu ya dimbwi la gundi unafanya kazi ya pistoni, na shinikizo lake ndilo linalopasua ule ukuta wa mm 4.3.

Mpango wa kufunga: mbele peke yake, nyuma peke yake, kisha mbao za ubavuni zinaunganisha hizo mbili. Pima mishazari ya kalio. Kwa kuwa mbele ni pana kuliko nyuma, umbo si mraba, lakini mishazari miwili bado lazima ilingane. Ikitofautiana, sogeza klempu kuelekea mshazari mrefu. Klempu zinabana mpaka bega lifunge, basi.

Hali ilivyo

Ndimi 48 kubwa na 48 ndogo ziko tayari, pamoja na za akiba. Ambazo hazijatumika zimefungwa kwenye mifuko ya plastiki pamoja na maranda makavu ili zisinywe unyevu wa pwani, na kila mfuko umeandikwa biti iliyotoboa matundu yake. Viti viwili vimeshaunganishwa na mabega yamefunga bila pengo. Vinne vilivyobaki vimejaribiwa vikavu. Kwenye kimoja ulimi wa nyuma kushoto unaingia kwa shida, unapunguzwa kwa mpito mmoja wa randa kila upande kabla ya kuunganisha.